Fomu Mbili Dirishani

Kila Jumatatu mwalimu wetu wa lugha aliingia na boksi la chaki kwapani, akakohoa, akasema, "Haya wanangu, masikio mezani!" Nasi, kwa uchokozi, tulilaza masikio mezani kwelikweli.

Jumatatu moja aliingia mwalimu mkuu. "Mwalimu wenu anaumwa koo. Daktari amemkataza kupaza sauti. Tumetafuta wa kushika nafasi yake, hajapatikana."

Tulishangilia. Kipindi cha bure! Kufika wiki ya tatu, hakuna aliyeshangilia. Mtihani ulibaki mwezi mmoja, na insha zetu zilikuwa kabatini, hazijaguswa.

Ijumaa tukapewa fomu za kuandika kazi tunazozitaka ukubwani. Nikaandika kwa penseli, "Mwalimu wa lugha." Nikamchungulia jirani yangu wa dawati, Kasuku, bingwa wa kukariri mashairi. Naye kaandika hivyo hivyo! Nikaona haya, nikafuta yangu haraka. Kisha mdomo wangu, ambao hauna breki na ndio ulionipa jina la Pilipili, ukaropoka: "Jamani, Kasuku anataka kazi ya kula chaki mpaka koo likauke!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kasuku alifuta polepole, karatasi nusura itoboke. Akaandika, "Rubani." Kasuku huyo, anayetapika hata kwenye bembea! Mimi nikaandika, "Injinia," ilhali mimi na hesabu hatusalimiani.

Jumatatu mwalimu alikuja kuchukua vitu vyake, skafu shingoni. Mwalimu mkuu akamkabidhi fomu. "Watoto arobaini na mmoja, Mwalimu. Hakuna hata mmoja anayeitaka kazi yetu."

Mwalimu wetu alizipitia moja moja dirishani. Mbili akaziinua kwenye mwanga, akapatazama kwa makini pale penseli ilipofutwa. Machozi yakamlengalenga. Akaandika ubaoni: "Kwa nini mmezifuta hizi?"

Kasuku aliinamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama.

"Moja ni yangu, Mwalimu. Nilifuta kwa aibu. Ya pili ni ya Kasuku, na ni ulimi wangu uliomfanya afute. Kasuku, nisamehe."

"Sijalala vizuri tangu Ijumaa, Pilipili," Kasuku alisema kwa sauti ndogo. "Hata shairi limekataa kunitoka."

Mwalimu akaandika tena: "Mimi sina sauti. Ninyi mnazo. Nitaandika, mtasoma na kueleza, hadi mtihani." Akamkabidhi Kasuku chaki, mimi furushi la insha.

Kasuku alisimama mbele, akakohoa. "Haya... masikio mezani."

Hakuna aliyecheka. Vichwa vyote vililala mezani, hata cha mwalimu mkuu.

Kengele ilipolia, mwalimu alituita karibu, akanong'ona kwa shida. "Miaka thelathini, sikumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba kazi hii naye anaiweza. Hilo ni kosa langu. Na wewe Pilipili, taniana na watu utakavyo, ila usimcheke mtu kwa kitu anachokipenda."

Akaturudishia fomu zetu.

"Andikeni upya," alisema. "Safari hii kwa wino."