Majibu ya Profesa

Kila asubuhi Mpole alivalia viatu nje ya mlango. Chumba chao kilikuwa kimoja tu, na mama yake, fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo, alikuwa bado amelala akiwa ameelekea ukutani. Mpole hakutaka kumwamsha. Alikunywa chai iliyobaki kwenye chupa, akabeba mkoba wake, akanyata hadi barabarani kama mwizi.

Mama alifanya kazi zamu ya jioni. Mpole alipotoka shule, mama alikuwa ameshaondoka; mama aliporudi, Mpole alikuwa ameshalala. Baba alikuwa mbali, akijenga barabara, na simu yake ya Jumapili ilikuja na haraka zake. Basi wiki nzima ilipita mama na binti wakiishi chumba kimoja bila kuongea zaidi ya maneno mawili matatu. Jioni Mpole alikula peke yake, akaosha sahani yake, akakaa kitandani kusikiliza majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mpweke, mpweke hasa, ila hakuna aliyejua, kwa sababu kila alipoulizwa alijibu, "Niko sawa."

Hata hilo jina la Mpole alipewa na wenzake. Zamani alikuwa na maneno mpaka walimu walichoka. Alipoanza kunyamaza, darasa lilidhani ndiyo tabia yake mpya, likamwacha.

Siku moja mwalimu wa darasa aliingia na mgeni. "Huyu ni mtafiti kutoka chuo kikuu," alisema. "Anataka kujua watoto wanaishije nyumbani na shuleni. Wazazi wenu wamekubali. Ataongea nanyi mmoja mmoja, na asiyetaka halazimishwi."

Mtafiti, dada mwenye miwani na sauti ya chini, akaongeza, "Hakuna kupata wala kukosa. Niambieni tu mambo yalivyo."

Yeye na mwalimu walipotoka tu, kiranja akaruka mbele ya darasa. Walimwita Profesa kwa kujua kila kitu, hata asichokijua.

"Msidanganyike!" alisema. "Mgeni akija shuleni na maswali, huo ni mtihani. Tukiharibu, shule nzima inaaibika. Haya, majibu ni haya: jioni tunakula pamoja na kuzungumza kwa furaha. Wazazi wangu hunisikiliza. Nina marafiki wengi."

Darasa likarudia kwa sauti moja, huku Profesa akizunguka kuwasahihisha waliosahau "kwa furaha".

Mpole alikariri kuliko wote, na alikuwa na sababu yake. Aliogopa kwamba akisema kweli, mama ataonekana mzazi mbaya, aitwe shuleni asemwe. Mama huyo huyo anayerudi na vidole vilivyochomwachomwa na sindano! Bora abaki na lake moyoni.

Zamu yake ilipofika, mtafiti alimpokea katika chumba cha maktaba, akamvutia kiti.

"Jioni nyumbani kwenu huwaje?"

"Jioni tunakula pamoja na kuzungumza kwa furaha."

Mtafiti alijiuma midomo, lakini kicheko kikamponyoka. "Samahani, mdogo wangu, sikucheki wewe. Ni kwamba darasa lenu lote linazungumza kwa furaha, tena kwa maneno yale yale."

Mpole alitaka kucheka naye. Badala yake machozi yakamtoka, yakamshangaza hata mwenyewe.

"Ukitaka kwenda, nenda," mtafiti alisema taratibu. "Hulazimiki."

"Nikisema, mama ataitwa?"

"Unayoniambia sitayatangaza. Ila kama kuna mtu anakuumiza, hapo sitanyamaza. Nitakutafutia msaada, na nitakwambia kwanza. Kuna mtu anakuumiza?"

"Hapana. Hakuna mtu." Mpole akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ndiyo shida yenyewe, dada. Hakuna mtu."

Akaeleza yote. Mtafiti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza, "Mama anajua?"

"Mama anachoka. Nimwongezee na hili?"

"Umewahi kumuuliza, au umemjibia wewe?"

Mpole aliondoka na swali hilo kichwani.

Kesho yake alivalia viatu ndani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaita, "Mama."

Mama akageuka papo hapo, macho hayana hata dalili ya usingizi.

"Kumbe uko macho?"

"Kila siku niko macho. Nakusikia unavyonyata. Najisemea, binti yangu amekua, hataki tena maneno yangu, nisimsumbue."

"Jamani, Mama! Mimi nanyata ili usiamke!"

Wakatazamana. Mama akaanza kucheka. Ndipo Mpole akamwambia kwamba jioni zinamwelemea, kwamba shuleni hana wa kukaa naye, na kwamba ile "niko sawa" ilikuwa uongo wa siku nyingi.

"Kwa nini ulinificha, mwanangu?"

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

Mama akamvuta kifuani. "Nitamwomba msimamizi anibadilishie zamu. Sijui kama atakubali. Lakini asubuhi hizi ni zetu, na tumezitupa bure. Kuanzia leo nakusindikiza. Usingizi nitaulala wewe ukiwa darasani."

Wakatoka pamoja. Mpole aliongea njia nzima, maneno yakigombania kutoka. Karibu na lango la shule mama akasimama.

"Sikiliza, mama yangu. Uchovu ni wangu, nitaumudu. Lakini ukinificha unavyoumia, unalia peke yako na mimi naishi na mtoto nisiyemjua. Huo si wema, hata kama umeufanya kwa kunipenda. Anayekupenda akikuuliza unaendeleaje, mwambie kweli, ili apate kukusaidia." Akamwinua kidevu. "Haya. Leo unaendeleaje?"

Mpole alitazama uwanja, ambako watoto walikuwa wamekaa makundi makundi.

"Naogopa wakati wa mapumziko," alisema. "Sijui nitakaa na nani."

"Basi twende tukamweleze mwalimu wako," mama alisema, na wakaingia langoni wameshikana mikono.