Sekunde Hamsini na Nane

Ilianza na kitu kidogo, sekunde mbili tu, ambazo mtu mwingine yeyote asingezijali. Lakini Sadrack alikuwa fundi wa televisheni, na kwa fundi wa televisheni sekunde mbili ni shimo. Tangazo la kifo cha mkewe Tania lilikuwa la sekunde sitini kamili. Alilirekodi kwa sauti yake mwenyewe, akalipima kwa mkono wake mwenyewe. Jumanne asubuhi kompyuta ikamwandikia hamsini na nane.

Niseme mapema tangazo lile lilifikaje hapo, maana hapo ndipo penye kosa. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili na mnara huko mtaa wa Kabondo, mali ya Papa Hubert. Miaka yote mzee alirusha vipindi kwa mkono: video ikiisha anatia nyingine, na akisinzia, mji unatazama giza. Ndipo Sadrack akaleta programu ya bure, ya wale watu wanaotengeneza kitu wakakiacha wazi, kila mtu achukue, asome, arekebishe. Unaiandikia ratiba ya saa ishirini na nne, inarusha yenyewe. Ikikuta pengo haivumilii. Inaingia kwenye dosie moja ya kujazia, folda ya faili za akiba, inachota kilichomo, inaziba.

Papa Hubert alifurahi kama mtoto. Wiki ile ile aliyozikwa Tania alipanda mashua kwenda Yangambi kupiga picha, na kabla ya kuondoka alimshika Sadrack bega, akamwonya juu ya matangazo ya vifo.

"Mwanangu, communiqué ya mufu, mutu akizikwa, unaifuta. Ya Tania pia. Usiache jina ya mufu inaitwa-itwa, si muzuri."

"Ndiyo, papa."

Ndiyo, papa! Sikio la kufa halisikii dawa. Mzee hajafika hata mtoni, Sadrack akalihamisha tangazo lile kwenye dosie ya kujazia, likae humo peke yake, kwa sababu alitaka kumwona mkewe. Basi kila pengo la ratiba, mara nne, mara tano kwa siku, Tania anatokea mjini kote, amekaa kwenye kiti cha harusi amevaa pagne, kitenge chake cha buluu, na sauti ya mumewe inamwita jina. Watu walipiga simu kuuliza: "Kwani huyu mama munamuzika lini?" Alikuwa anazima simu.

Sasa zile sekunde mbili. Alivaa visikilizio akasikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilisema, "Ameacha mume," ikavuta pumzi, wimbo ukaingia. Maneno "na mtoto mmoja" hayakuwepo. Hapakuwa na mkato wala mkwaruzo. Alisoma daftari ambamo programu huandika kila inachofanya: hakuna mkono uliogusa faili. Akachukua nakala ya kwanza kutoka kwenye simu yake, ambayo ilikuwa sitini kamili, akaiweka mahali pa ile. Kompyuta ikaandika hamsini na nane.

"Ni bug tu," alijiambia kwa sauti, mtu mzima, peke yake chumbani.

Jumatano mchana alikwenda nyumbani kula. Mlangoni alikutana na harufu ya formol, ile dawa ya chumba cha maiti, imeshika mapazia na mito. Binti yake Benie, miaka mitano, alikaa mbele ya televisheni. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa karibu chote, mistari myembamba iliyonyooka kwenda kisogoni.

"Nadège, tuko kwenye matanga," Sadrack alimwambia shemeji yake, mdogo wa Tania, aliyekuwa akimlea mtoto. "Sasa unamusuka wa nini?"

Nadège alimvuta mpaka jikoni.

"Shemeki, mimi sijagusa ile kichwa. Naapa. Tangu jana, kila mara communiqué inapita, nikirudi nakuta mustari mupya. Na iko unyevu."

Sadrack alipiga magoti mbele ya mtoto. "Benie, nani anakusuka?"

"Mama," alisema Benie, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Anakuja wakati unamuita. Lakini anasema muda iko kidogo, anasuka mustari moja, anarudi."

"Kwa tangazo nimesema mama ameacha mume na mutoto mumoja. Unasikia? Mutoto mumoja."

"Hapana, papa," mtoto akanong'ona, na kwa mara ya kwanza alimtazama. "Mama amesema mimi nisijihesabu."

Sadrack alihesabu sehemu ya kichwa ambayo haijasukwa. Ilibaki nafasi ya mistari mitatu. Alimwambia Nadège azime televisheni, amshike mtoto, asimwache hata kidogo. Kisha akatoka mbio kwa Mwalimu Djuma, mzee wa Maniema anayefundisha Kurani barabara ya pili. Wakristo wa mtaa humcheka mchana kweupe na kumwendea kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu alikuwa na watu. Sadrack alingoja karibu saa nzima. Alipomaliza kueleza, mzee hakufungua kitabu wala hakuwasha ubani.

"Ule haiko muke wako, Papa Benie. Muke wako amelala. Kila mutu anazaliwa na jini yake, wanakula pamoja, wanalala pamoja. Mutu akifa, jini anabaki hana kwake. Ukimuacha bila kumuita, anasahau njia. Weye unamuita mara tano kwa siku, na jina, na sura, na sauti ya bwana ya nyumba."

"Na mutoto?"

"Mama akimaliza kusuka mutoto, anafanya nini? Anamushika mukono, wanatoka." Mzee alikuwa amekwisha kusimama. "Kimbia ufute. Na usimuangalie tena. Hata mara moja."

Sadrack alifika kituoni jasho linamtoka, akafungua dosie, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, na hapo, jamani, hapo ndipo ninapotaka kumpiga kofi, maana ratiba ilimwonyesha kwamba baada ya dakika mbili pana pengo, kwamba Tania ndiye anayefuata, na moyo wake ukamwambia mistari mitatu imebaki, mmoja hauui mtu, amuage tu mara hii ya mwisho halafu afute, naye akausikiliza moyo wake akaondoa kidole, akasahau kabisa kwamba wakati yeye amekaa kwenye benchi la Mwalimu mashine haikukaa, ilikuta pengo moja ikaliziba, ikakuta la pili ikaliziba, kama alivyoifundisha yeye mwenyewe, na sasa sauti yake inaanza, "Familia inasikitika kutangaza," wimbo uko chini yake kama kawaida, fremu ya maua iko mahali pake, na ndani ya fremu kuna kiti cha harusi, na kwenye kiti hakuna mtu.

"Ameacha mume," ilisema sauti yake.

Simu ikalia. Alikuwa Nadège, analia tu. Nilizima, alisema hatimaye, nilizima shemeki, nilichomoa na waya, nilitoka kuanua nguo, dakika moja, nikasikia sauti yako ndani ya nyumba.

Walimkuta Benie amekaa wima mbele ya kioo cheusi, mikono magotini. Kichwa kilikuwa kimekwisha kusukwa, mistari yote sawasawa, na ncha zimefungwa uzi wa buluu. Shingo ilikuwa bado na joto.

Papa Hubert alirudi kwa mazishi. Sadrack alisoma tangazo mwenyewe, hakukubali mtu mwingine alisome. Benie, miaka mitano. Ameacha baba. Sekunde sitini kamili. Jioni ya maziko mzee alilifuta kwa mkono wake, akamlipa, akamwambia asirudi tena kituoni.

Lakini programu ile ni ya bure, hakuna wa kumnyang'anya. Ameiweka nyumbani kwenye kompyuta kuukuu. Ratiba haina kitu, ni pengo tupu la saa ishirini na nne, na kwenye dosie ya kujazia liko faili moja, nakala ya tangazo la Benie. Majirani wanaisikia sauti yake ukutani. Walikuwa wakimwita Papa Benie, siku hizi hawajui wamwite nani.

Kila asubuhi ananyoa, anavaa shati safi, anaacha mlango wazi, kisha anakaa kutazama sekunde. Anangoja zipungue. Anangoja asubuhi moja sauti yake isiseme "ameacha baba," apate kujua kwamba wanakuja kumchukua na yeye.

Mwaka umepita. Bado ni sitini.