Tawi la Devota

Jamani, nilisukumwa!

Mikono miwili mgongoni, kwa nguvu zote... nikaangukia mtaroni, mdomo umejaa majani ya mipaini.

Na aliyenisukuma nilimwona kwa jicho la pembeni nikianguka. Devota! Rafiki yangu wa chumba kimoja!

Nikasema moyoni, "Kumbe kocha alisema kweli. Huyu leo ananiua."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi naitwa Ikupa, mtoto wa Mbalizi, nasoma chuo kimoja Iringa. Nakimbia mbio za nyika. Timu yetu ilikuwa imeweka kambi Mafinga, tunafanya mazoezi kwenye msitu wa mipaini. Kwenye mashindano ya vyuo ilibaki nafasi moja tu ya msichana. Mimi au Devota. Niliitaka ile nafasi mpaka naiota.

Sasa ukungu wa kule ukishuka, humwoni hata aliye mbele yako. Ndiyo maana timu yetu ina desturi. Anayetangulia akifika njia panda, anavunja tawi la mpaini, analilaza chini. Ncha inakoelekea, ndiko mnakopita. Wa mwisho analiokota. Wakongwe walitufundisha sheria moja tu... tawi halijadiliwi!

Akaja kocha mpya, Kocha Zabron. Mambo ya kusubiriana hakuyataka. "Hapa siyo kwaya!" ndiyo kauli yake.

Jioni moja akaniita pembeni.

"Ikupa, unamwamini sana Devota."

"Ni kama dada yangu, kocha."

Akacheka. "Huyo dada yako amepania kukutoa. Kwa njia yoyote. Fungua macho!"

Nikarudi chumbani nimevurugwa. Nikakuta Devota kaniwekea uji wa ulezi kwenye chupa, kama kawaida yake.

"Mbona hunywi?"

"Nimeshiba."

Alipotoka, nikaumwaga dirishani. Niliogopa kuwekewa kitu! Mnaona mtu anavyoharibika?

Asubuhi ya mchujo ukungu ulikuwa mzito balaa. Devota katangulia, mimi namfuata, wengine wako mbali. Nikawa nasikia chenso, ile misumeno ya mashine ya wakata mbao, zinalia, ila kwa ule ukungu sikujua ni upande gani.

Nikafika njia panda. Njia yetu ya kila siku ni kulia.

Tawi limelazwa. Ncha imeelekea kushoto!

Kushoto ni kuzunguka, tena kilima kitupu.

"We Devota we! Mimi wa kunizungusha mimi?"

Nikalipiga tawi teke. Nikashika kulia.

Mbele kidogo chenso zikanyamaza ghafla. Hata ndege simsikii. Moyo ukaniambia rudi... nikaupuuza.

Kraaaa! Juu ya kichwa changu!

"We dada! Toka! Mti unakuja!" mwanaume akapiga kelele ndani ya ukungu.

Miguu ikagoma. Nimesimama tu.

Ndipo nikasukumwa.

Ardhi ikatikisika. Nilipoinua kichwa, pale nilipokuwa nimesimama umelala mpaini mzima. Na chini ya matawi umetokeza mguu mmoja, una kiatu cha bluu.

Kiatu cha Devota.

Wakata mbao walimtoa akiwa hai, ila mguu umevunjika. Mbio basi.

Kesho yake nikaenda hospitali. Nilishindwa hata kumtazama.

"Nilisikia chenso ziko upande wetu wa kila siku, ndo nikaweka tawi," akaniambia. "Nikakungoja kule kilimani. Nikaona kimya, nikarudi kukutafuta."

"Ulinisubiri? Kwenye mchujo?"

"Sasa ningekuacha, dada?"

Nikalia kama mtoto. Nikamwambia yote... maneno ya kocha, uji niliomwaga, tawi nililolipiga teke.

Wala hakushtuka.

"Hata mimi aliniita pembeni, Ikupa. Maneno hayo hayo. Kwamba umepania kunitoa, kwa njia yoyote."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikakupikia uji."

Ndugu zangu, mtu akikuletea maneno ya mwenzako, jiulize kwanza mwenzako kaletewa maneno gani ya kwako. Mimi sikujiuliza. Nafasi nimeipata, jezi iko kwenye begi, na kila nikiitazama naona kile kiatu cha bluu.

Kitanda cha Devota sasa anakilalia msichana mpya wa timu, Joyness. Leo jioni nimemwona Kocha Zabron akimwita pembeni.

Karudi chumbani. Nikammiminia uji, nikampa kikombe.

Akakiweka chini. Hanitazami.

"Nimeshiba, dada."

 Nikaenda nikafunga mlango.

"Joyness, kaa hapa. Kakwambia nini kuhusu mimi?"