Kichupa Kilicholala kwa Kulfi

Kila asubuhi Irfan hupanga kulfi, barafu tamu za maziwa, kwenye friza la duka lao, Ngamiani. Mama yake, Rehmatbai, ndiye anayezipika. Mkewe, Farhana, ana miaka arobaini na moja na mimba changa.

Asubuhi moja simu ililia kutoka kliniki. Damu ya Farhana iliyopelekwa maabara Dar es Salaam kupima kama mtoto ana kasoro haikutoa jibu.

Farhana alikaa juu ya kreti la soda. "Sasa wataniambia nichomwe sindano ya tumbo, wachote maji ya mtoto." Mimba yake ya kwanza iliharibika. Sindano aliiogopa isije ikaharibu na hii.

Wote watatu walikwenda kliniki kwa Praxeda, mtaalamu wa maabara aliyemtoa Farhana damu.

"Shikamoo, mama," Praxeda alimwamkia Rehmatbai.

"Marahaba. Damu ya mkwe wangu ina kasoro gani?"

"Haina. Irfan, siku ile ya kupeleka damu Dar ulikosa basi. Kichupa kililala wapi?"

"Kwenye friza, dada. Chini ya kulfi. Mahali pazuri kuliko pote."

"Hata samaki tunamweka humo," alisema Rehmatbai.

"Samaki amekufa, mama. Damu ina chembe hai. Zikiganda, zinapasuka."

Praxeda alieleza. Vinasaba ni maelekezo ya mwili, na vipande vyake huelea katika damu ya mjamzito. Vingi ni vya mama. Vichache hutoka kwenye kondo la nyuma, na hivyo hutupa habari za mtoto. Chembe za mama zikipasuka, vinasaba vyake vinamwagika na kuvifunika vile vichache.

"Kama kutafuta hiliki kwenye gunia la sukari," alisema Rehmatbai.

"Hasa. Na mwanao akaongeza gunia la pili."

Farhana alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akanyoosha mkono.

Praxeda alimtoa damu, akaitia kwenye kichupa chenye dawa ya kutunza chembe. Irfan alitaka kukitikisa kama dawa ya kikohozi. Praxeda akamzuia. Alikipindua polepole, akakirudisha, akakipindua tena, kama anayegeuza chapati asiipasue. Mkono ule ulipendeza kuutazama.

"Kisipate barafu wala jua. Kiondoke leo. Dar watakizungusha kwenye mashine, mara mbili, na kuchukua maji ya manjano ya juu tu. Humo ndimo watakapochuja vinasaba."

Safari hii Irfan aliwahi basi. Kondakta alimwonea huruma kwa joto, akampa mfuko wa barafu. Irfan aliukataa.

Jibu lilipokuja, Praxeda aliwasomea mwenyewe. "Hatari ya mtoto kuwa na kasoro ni ndogo. Kipimo hiki ni chujio, si hukumu, kwa hiyo kliniki usiache. Lakini sindano ya tumbo huihitaji."

Farhana alishika tumbo lake.

Rehmatbai alirudi dukani na kubandika karatasi kwenye friza: KULFI NA SAMAKI TU. DAMU MPELEKEE PRAXEDA.