Kikao cha Mwili wa Bosi

"Hivi wewe, siku ukianguka bafuni, tukutoe kwa mlango au tubomoe ukuta?"

Jirani wa mlango wa pili aliuliza swali hilo bombani, asubuhi, ndoo zimepangwa foleni na wanawake wamejaa. Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Bosi naye alicheka, tena aliwatangulia wote, maana mtu mnene hujifunza mapema kwamba asipocheka yeye kwanza ataambiwa ana roho mbaya. Akajitwika ndoo, akaingia ndani, akafunga mlango. Hapo kicheko kikamgeuka kooni kama povu la sabuni lililomezwa. Akainama juu ya beseni, akatapika.

Bosi si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wauza nguo wa sokoni. "Bosi, karibu! Bosi, hiyo haikutoshi, labda ukatie pazia!" Jina likamganda. Alikuwa fundi cherehani, tena wa kutajwa. Magauni ya harusi ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake. Aliwapima maharusi viuno, akawabana hapa, akawalegezea pale, wakatoka waking'aa. Nguo zake mwenyewe hakuzipimia. Alikata kwa kukisia, macho pembeni, kama mtu anayefunga kidonda kinachonuka.

Na kinyaa kilikuwapo, tusifichane. Jasho lililolala chini ya matiti, poda iliyogeuka uji kwenye mikunjo, mapaja yaliyochubuana mpaka yakatoa maji. Shangazi yake alimletea chai ya kukausha mafuta, yenye harufu ya majani yaliyooza kwenye mtaro. Ilimharisha siku nyingi na haikumpunguza hata kishikizo. Sukari ilipanda. Goti la kukanyagia cherehani lilivimba. Usingizini pumzi ilikatika, akaamka anahema kama aliyetolewa kisimani. Alifunga, alisali, akala majani kama mbuzi. Mwili ukabaki pale pale, mgeni asiyejua kuaga.

Baada ya lile swali la bombani, akaenda hospitali.

Ukumbi wa kliniki ulifurika. Watoto wanalia, wauguzi wanaita namba, wagonjwa wamekaa bega kwa bega kwenye viti vya plastiki vyenye mikono. Bosi alisimama ukutani na gauni lake la zambarau, mtandio mweupe begani, akijifanya anapenda kusimama. Viti vya mikono alivijua. Aliwahi kuinuka nacho kimoja, kimemng'ang'ania kiunoni, watu wakishangilia.

"Dada, kaa hapa."

Mwanamume mrefu, mwembamba, alikuwa amepiga magoti kando ya benchi la kona akigongelea misumari kwenye ngozi mpya. Nywele zake zilijaa chembe za sponji.

"Likivunjika?" Bosi akauliza.

"Likivunjika nitafukuzwa mimi, wewe utaletewa chai na pole."

Akakaa. Benchi halikulia. Yule mtu akaendelea kugonga, kisha jicho likamtua kwenye pindo la gauni.

"Mshono huu kashona nani?"

"Mimi."

"Kumbe sisi ni ukoo mmoja! Mimi nashona makochi." Akatoa sindano yake, nene kama kijiti.

"Tazama kazi ya Mungu," Bosi akasema. "Wewe mwembamba kakupa sindano nene, mimi mnene kanipa nyembamba."

Yule mtu alicheka, akacheka vizuri, macho usoni kwake na si tumboni. Bosi akatafuta kile kidharau anachokijua, kile kinachojificha pembeni mwa mdomo. Hakukiona. Akahisi joto masikioni, akajipepea kwa cheti cha kliniki.

Mafundi wenzake walimwita Sponji. Kuanzia wiki hiyo simu ikawa haitulii. Bosi aliibana ndani ya mtandio, sikioni, mikono ikiendelea na kazi.

"Halo, fundi mwenzangu. Umekula?"

"Hilo swali mimi siulizwagi kwa nia njema."

"Basi nalifuta. Umecheka?"

"Bado."

"Leo nimejishona shati kwenye kochi la mteja. Kuinuka, na kochi nalo linainuka."

Pini zilimtoka Bosi mdomoni kwa kicheko. "Wewe mwanaume wewe!"

"Wako."

"Nani kakununua?"

"Nimejileta bure, mali ya kuokota."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sponji akaja kumtembelea dukani kwake na shati lililopigwa pasi, mistari imenyooka kama reli. Wakawa wanatembea jioni polepole, na Sponji ndiye aliyekuwa akisingizia kuchoka ili Bosi apumzike. Kaka mkubwa wa Bosi alipopata habari alisonya. "Fundi makochi? Ukoo wetu?"

Siku moja Bosi akamweleza. Daktari alikuwa amempima akamwambia wazi: dawa peke yake hazitamtosha, ila upo upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Hatari ipo, hakumficha. Faida nayo ipo.

Upande wa pili wa simu, nyundo ya Sponji ikaacha kugonga.

"Sponji?"

"Wakukate tumbo?"

"Wapunguze mfuko wa ndani."

"Mpenzi, mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo."

Neno lilikuwa tamu. Bosi akalilamba siku nzima kama asali. Jioni, alipokuwa anapanda ngazi za kwao, akasimama katikati, moyo unadunda masikioni, na utamu wote ukamwisha. Hivyo hivyo? Na hizi ngazi nani atampandia?

Jumamosi duka lilikuwa limejaa. Bibi harusi yuko juu ya stuli anajaribu gauni, mama mkwe anatoa makosa, na yule jirani wa mlango wa pili kaja kuchukua sketi yake. Mkokoteni ukasimama nje. Sponji akaingia na mwenzake wamebeba kitu kimefunikwa shuka, jasho linawatiririka, uso wa Sponji unameremeta.

"Fundi mwenzangu, fumba macho!"

Akalifunua. Kilikuwa kiti. Miguu ya chuma, mahameli mekundu, vifungo vya dhahabu mgongoni, na upana wa kukaa watu wawili bila kugusana.

"Nilikuona unavyokaa kwa kujiiba, makalio nusu, miguu inatetemeka," akasema kwa furaha, mbele ya wote. "Nikakupima kwa macho. Sisi wa makochi huwa tunaacha nafasi. Hiki hata ukiongezeka kitakubeba!"

Jirani akaziba mdomo, lakini sauti ikapenya vidoleni. "Jamani, hicho kiti au kitanda cha maharusi?"

Duka zima likapasuka. Bibi harusi alicheka mpaka gauni likachanika kwapani. Bosi akakitazama kile kiti chekundu, kipana, kimeachama kama mdomo unaomsubiri. Hata ukiongezeka. Kwa hiyo matembezi yote yale, maneno yote yale ya asali, macho ya Sponji yalikuwa yanapima. Akalivuta shuka, akakifunika tena.

"Kitoe."

"Mpenzi, jaribu kwanza, nimeweka springi za..."

"Nimesema kitoe! Na wewe kifuate!"

Sponji alipiga simu siku zile zote, Bosi hakupokea. Akashona kwa hasira mpaka akajichoma kucha. Jibu lake kwa daktari likawa moja: ndiyo, nikate. Akapangiwa siku.

Asubuhi ya kulazwa simu ikalia tena. Sijui ni woga au ni ule upweke wa mtu anayepanga kanga na mswaki kwenye mfuko wa hospitali, akapokea.

"Usikate," Sponji akasema haraka. "Nisikilize halafu unitukane. Kile kiti nimekifumua chote, sponji nimewawekea wengine. Nilijiona nina akili kumbe nina mikono tu. Bosi, mimi naogopa. Ukifia mle, nitampigia nani simu? Ndiyo maana nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa najitetea mimi, si wewe."

Bosi akakaa kitandani. "Mimi mwenyewe naogopa mpaka tumbo linauma."

"Hilo tumbo nalo lina mambo."

Akacheka bila kutaka, machozi yakichanganyika na makamasi. "Mjinga wewe."

"Mjinga wako. Nije nikusindikize?"

"Wodi ya wanawake hailali mwanaume. Wanataka ndugu wa kike wa kukaa na mimi siku za mwanzo, bila hivyo hawanipokei. Na wa kwetu wameitisha kikao kwanza, mchana huu. Kaka kasema na wewe uje."

"Mimi? Si alinisonya?"

"Njoo, utajua."

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama. Na kwa kuwa ni kikao cha kumzuia mtu asikatwe tumbo, walianza kwa kujaza matumbo. Sinia la nyama na wali lilikuwa katikati. Shangazi, gauni la hariri na bangili mpaka kiwikoni, alifyonza uboho kwenye mfupa kwa sauti ya bomba lililokatika maji. Kaka alikula kwa vidole vyote, mafuta yakimshuka mkononi mpaka kwenye saa. Mama alimega kidogo kidogo bila kuinua macho. Sponji alikaa karibu na mlango, jirani na mfuko wa hospitali, hakugusa kitu. Bosi alitakiwa asile tangu asubuhi. Akawatazama wanavyotafuna mwili wa mnyama na kuujadili wa kwake, akashindwa kujua mate yanayomjaa ni ya njaa au ya kichefuchefu.

"Tuseme ukweli," Shangazi akaanza, mdomo umejaa. "Unakula kama umefungiwa gunia. Funga mdomo, basi. Kukatwa kwa nini?"

"Shangazi, ile chai yako niliinywa mpaka nikalala chooni."

"Hukuinywa kwa imani."

"Watu watasema tumeshindwa kukutunza," Kaka akadakia. "Au watasema una ugonjwa. Mungu kakuumba, wewe unakwenda kumkosoa?"

"Mungu huyo huyo ndiye aliyempa daktari mikono, Kaka. Nimesali juu ya jambo hili kuliko wewe ulivyowahi kusali juu ya chochote."

"Mtazame anavyojibu!" Kaka akajifuta kwa kitambaa cha meza, kisha akamgeukia Sponji, sauti imelainika ghafla. "Shemeji. Nikuite shemeji, si ndiyo? Wewe mwenyewe unampenda alivyo. Sasa sikiliza. Mwambie aache mambo ya visu, na mimi kama mkubwa wa nyumba hii natamka hapa mbele ya mama: njoo na wazee wako wiki ijayo, uchukue mke. Hakuna wa kukuzuia."

Bosi akamtazama Sponji. Kitu alichokuwa akikitaka kimewekwa mezani, katikati ya mifupa, na mkono wenye mafuta.

"Kaka, nashukuru," Sponji akasema taratibu. "Kumwoa nataka, hilo sifichi. Ila simchukui kwa kumfungia mlango wa hospitali. Akitoka, nitamposa yeye. Akikubali, nitakuja na wazee. Akikataa, nitarudi kwenye makochi yangu."

"Nani kakuambia nitakataa?" Bosi akasema.

"Hujasema utakubali."

"Nikitoka, niulize."

"Aibu gani hii!" Shangazi akapiga sinia kwa mfupa. "Mnaposana kwenye kikao! Haya, nendeni. Lakini nani atakaa naye wodini? Mimi siendi. Mama yake haendi, si ndiyo, wifi? Mwambie kilichompata mdogo wako."

Mama akazungumza kwa mara ya kwanza, sauti kavu. "Mdogo wangu, tuliyekuwa tukiishi naye hapa, aliingia chumba cha upasuaji, akatoka amefunikwa shuka. Mimi nilikuwa safarini, nikarudi nikakuta kaburi. Mwanangu, siwezi kusimama nje ya mlango ule. Nisamehe. Siwezi."

Bosi akainamisha kichwa. Kwa Shangazi na Kaka aliona uchafu tu, lakini woga wa mama ulikuwa msafi, na ndio uliomfunga miguu.

Shangazi akaona ameshinda, akajimegea pande jingine la nyama. "Unasikia? Sisi si wa kukurupuka. Hata huyo mama yako mdogo, tumbo lilipojifunga, daktari alisema aletwe siku hiyo hiyo. Tukakataa! Tulikaa hapa hapa, tukala, tukashauriana, tukasema dawa za nyumbani kwanza. Alikuwa analia chumba kile anataka apelekwe, tukamwambia tulia. Mpaka alipoanza kutapika kinyesi ndipo tukampeleka, na kweli wakamkata, na kweli akafa. Kisu hicho!"

Mama aliacha kutafuna.

"Alitaka kwenda?" akauliza.

"Alikuwa mtoto, anajua nini? Kula, wifi, nyama inapoa."

Mama alimtazama Shangazi, akatazama midomo ile inayong'aa mafuta, akatazama vidole vya Kaka ndani ya sinia. Uso ukamkunjamana. Akatema tonge mkononi, akaliweka pembeni ya sinia mbele yao wote. Akainuka, akanawa mikono kwa sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili, akisugua mpaka kwenye kucha. Akachukua mtandio wake msumarini, akajifunga kichwani.

"Unakwenda wapi, Mama?" Kaka akauliza. "Kikao hakijafungwa."

Mama akapita katikati yao, akamwinua Bosi kwa kiwiko, akaupokea mfuko wa hospitali kutoka mkononi mwa Sponji aliyekuwa ameshauinua, na akatoka naye kwenda hospitali.