Kalista na Picha ya Dunia

Kila asubuhi Kalista aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akachukua jembe la shamba la shule na kukimbilia darasa la sita. Ndivyo watoto wote walivyofanya katika kijiji chao cha ujamaa, huko Nyabusozi. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo wa 1979, nyumbani kwao palikuwa na pengo. Baba yake, Anastazi, alikuwa mgambo, naye alikuwa amekwenda vitani ng'ambo ya mto Kagera. Miezi miwili ilipita bila barua. Mama yake, Theodosia, aliwapakulia watoto ugali na maharage, yeye akamega tonge moja na kunawa mikono.

Siku moja Mwalimu Modestus aliingia darasani na picha ya rangi aliyoikata kwenye jarida na kuibandika juu ya kipande cha boksi.

"Hii ni dunia yetu," alisema. "Wanaanga waliokuwa wakienda mwezini waliipiga picha miaka sita iliyopita, wakiwa ndani ya chombo chao."

Wanafunzi walisogea. Waliona duara la buluu katikati ya giza, na mawingu meupe kama povu la maziwa. Bara la Afrika lilionekana wazi.

"Mwalimu, mpaka wetu uko wapi?" aliuliza Kalista.

"Hauonekani. Sisi na wenzetu walioko vitani tuko hapa. Ncha ya kidole inatufunika sote."

Maneno hayo yalimwingia Kalista moyoni. Jioni, Deodata, kiranja aliyetunza ufunguo wa kabati ilimowekwa picha, alitoka kwenda kumwaga takataka, akaacha kabati wazi. Kalista akaitoa picha kabatini na kuificha ndani ya daftari.

"Nani amekupa?" mama yake aliuliza alipoonyeshwa picha nyumbani.

"Mwalimu ameniazima," alijibu Kalista, macho yake yakiwa chini. Kisha akamweleza yote aliyoyasikia.

Theodosia aliweka kidole juu ya picha. "Kumbe baba yako hayuko mbali hivyo," alisema. Siku hiyo alikula akashiba. "Iache hapa kesho, nimwonyeshe bibi yako."

Kalista alikuwa amekusudia kuirudisha alfajiri. Sasa angekataaje?

Kesho yake, Mwalimu Modestus alifungua kabati, asiione picha. Alimwita Deodata mbele ya darasa.

"Ufunguo ni wako. Picha iko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi nirudishie ufunguo."

Deodata aliutoa, akarudi kwenye dawati akilia kimyakimya. Wawili waliokaa naye wakajisogeza mbali. Kalista alitaka kusema, lakini akainamia daftari lake.

Mchana, uji wa shule ulimshinda kunywa. Alikimbia nyumbani, akamkuta mama yake akimenya ndizi.

"Mama, nilikudanganya. Mwalimu hakuniazima. Niliichukua mwenyewe, na sasa Deodata anaitwa mwizi."

Theodosia aliweka kisu chini. Hakumfokea. Alifunga khanga yake vizuri, akaichukua picha, wakaenda pamoja.

Mlangoni mwa darasa alimpa Kalista ile picha. "Nenda ukaseme wewe. Mimi niko hapa."

Kalista alisimama mbele ya wenzake. "Deodata hakuiba. Ni mimi. Nilitaka mama aone alipo baba. Nisamehe, Deodata."

Mwalimu Modestus aliipokea picha. Kisha akampa Deodata ufunguo wake. "Na mimi nimekukosea, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuchunguza."

Deodata alifuta machozi. Alimtazama Kalista, kisha mama aliyesimama mlangoni. "Ungeniambia," alisema taratibu, "tungemwomba Mwalimu pamoja."

Kalista alipewa adhabu ya kupalilia matuta matatu ya mihogo. Mwalimu naye alitangaza kwamba Jumamosi picha ingewekwa mezani, ili kila mama mwenye mtu vitani aje kuitazama.

Njiani kurudi nyumbani, Theodosia alimshika binti yake mkono.

"Mwanangu, dunia hiyo sijawahi kuiona kwa macho yangu, wala sijui waliipigaje picha. Nilitulia kwa sababu wewe ndiye uliyenieleza, nami nakuamini. Ukinidanganya kwa jambo dogo, hata siku utakayoniletea habari njema za baba yako, nitazipokea kwa mashaka. Kwa hiyo uniambie kweli siku zote, hata ile inayouma."

"Ndiyo, Mama," alisema Kalista, na jioni hiyo wakala pamoja katika sahani moja.