Mafuta Yaliyotulia

Mwanafunzi wa uzamivu alikutwa chini ya mnara saa tatu na robo asubuhi, shingo imevunjika. Profesa, msimamizi wake, alimtazama akisubiri uchungu uje. Haukuja. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Mnara huo ulikuwa wa kudondoshea vyombo vya mafuta. Kwa sekunde tatu za kuanguka, mafuta hupoteza uzito kama yaliyo katika anga za juu, yakapanda kuta za kioo, na kamera iliyofungwa ubavuni mwa chombo huyarekodi. Utafiti huo ndio uliompa Profesa mvi zake zote.

Marehemu alikuwa amesukumwa kutoka juu yapata saa tatu kamili, na funguo za mlango wa huko zilikuwa mbili, mmoja wa Profesa na mwingine wa fundi wa mnara. Fundi alikuwa amerushiana maneno na marehemu, basi Inspekta akamkamata. Fundi hakujitetea sana, alisema tu ana watoto. Mpwa wa Profesa, msaidizi wa maabara, hakushukiwa. Alieleza kwamba saa tatu kamili alikuwa chumba cha mitambo cha chini akidondosha chombo, na video ya kamera ilionyesha saa hiyohiyo.

Inspekta alimwomba Profesa aithibitishe video hiyo, faili lifungwe. Profesa akaitazama, akaomba irudiwe.

“Mafuta yametulia kama chai mezani,” alisema. “Chombo hiki hakikuanguka. Kamera hujiwasha kwa saa uliyoipangia, lakini kitufe cha kudondosha lazima kibonyezwe na mtu.”

“Na chumbani alikuwepo nani?”

“Hakuna.”

Mpwa alipoitwa alidai mtambo ulikwama. Inspekta akamuuliza mbona asubuhi aliapa chombo kimeanguka. Hapo maneno yakamtoka kijana yote: matokeo yake ya mwaka mzima yalikuwa ya kupika, marehemu aligundua, na siku hiyo angemwambia Profesa. Ufunguo aliuchukua kwenye koti la mjomba wake, akamwita marehemu juu, akamsukuma.

“Mjomba, ungenyamaza tu. Damu si nzito kuliko maji?”

“Na fundi je, angeozea jela?”

Kijana akainamisha kichwa. “Mama ataambiwa na nani?”

Profesa ndiye aliyemchukua kijana kwa dada yake, akaahidi kumrudisha akiwa mhandisi. Akapiga simu palepale. Dada alipokea kwa furaha, akauliza kama mwanawe anakula vizuri siku hizi.

“Anakula,” Profesa alijibu. “Dada, tafuta kiti ukae.”